Tupeane uzoefu: ruta ipi itaelewana na laptop yako?

Kiongozi wa uzi
Wakuu, kabla ya kusoma boksi la ruta, ikagueni laptop. Kwenye Windows fungua Command Prompt, andika netsh wlan show drivers, utafute mstari wa "Radio types supported". Ukiishia 802.11n, kadi yako (kifaa cha Wi-Fi ndani ya laptop) ni ya kizazi cha Wi-Fi 4; 802.11ac ni Wi-Fi 5, 802.11ax ni Wi-Fi 6. Ruta mpya hupokea kadi za zamani, ila kasi itamfuata mnyonge.

waya_mfupi
Na msidanganyike na namba za boksi. AC1200, jina la daraja la ruta za Wi-Fi 5, ni takriban jumla ya kasi za bendi (masafa) mbili: 300 Mbps za 2.4 GHz na 867 za 5 GHz, na laptop ya Wi-Fi 5 hutumia bendi moja kwa wakati mmoja. Kadi yenye antena moja huishia 433 Mbps, hata ruta iwe na antena nane. Hizo nyingine ni pambo tu kwake.

chaneli11
Simu zinauona mtandao wa ruta mpya ya Wi-Fi 6, laptop haiuoni kabisa. Shida nini?

waya_mfupi
Mara nyingi ni draiva (programu inayoendesha kadi), @chaneli11. Baadhi ya kadi za Intel zenye draiva za zamani haziuoni mtandao wa 802.11ax. Pakua draiva mpya kwa simu, ihamishie kwa waya wa USB. Kwa sasa unaweza kuzima ax kwenye ruta.

Ikiuona lakini ikagoma kuunga, tazama aina ya ulinzi uliowekwa kwenye ruta: WPA3 (ulinzi mpya) pekee huziacha nje laptop nyingi za zamani. Weka WPA2/WPA3 kwa pamoja. Usikimbilie WEP wala TKIP, ulinzi wa kizamani. Kasi hushuka hadi 54 Mbps.

fundi_kadi
Pengine ubadili kadi, si ruta. Angalizo: kadi ya Intel AX211 inahitaji prosesa ya Intel na ubao wenye CNVi (kiunganishi maalumu cha Intel); AX210 hutumia PCIe, kiunganishi cha kawaida. Bendi ya 6 GHz nayo inadai Windows 11.

Kiongozi wa uzi
Tazameni pia tundu la WAN la ruta (linapoingia waya wa intaneti). Likiwa la 100 Mbps, kifurushi cha 200 Mbps hakipiti chote. Na kama intaneti inaingia kwa waya wa simu, ruta isiyo na modemu ya DSL ndani haitawafaa peke yake.