Mrejesho: fundi wa friji za nyumbani aliyetaka vyumba vya baridi

Ndugu zangu, ni yule wa Malindi niliyeuliza kama fundi wa friji za nyumbani aweza kuingia kwenye vyumba vya baridi vya samaki bila uzoefu. Mlinambia nianze kwa kumbebea mtu zana. Mwezi wa nne sasa niko kwa mzee mmoja huku Shela. Pesa zimepungua, mke alinuna kidogo.

Wiki ya kwanza niliaibika. Nilizoea kujaza gesi ikiwa mvuke, kumbe R404A, gesi ya vyumba hivi, ni mchanganyiko wa gesi kadhaa, hutolewa mtungini ikiwa majimaji, la sivyo uwiano wake huharibika. Mzee hakusema kitu, akaupindua mtungi tu. Tena hakuna kapilari, ule mrija mwembamba wa kupimia gesi kwenye friji za nyumbani; kuna vali yenye balbu, kijichupa cha kuhisi joto kinachofungwa kwenye bomba. Balbu niliifunga ovyo, majimaji yakarudi hadi kwenye kompresa, ambayo yafaa kupokea mvuke tu. Stima ya fezi tatu ndiyo bado yanitisha.

Kuchomelea mabomba na kuvuta vakyumu (kunyonya hewa mabombani) nilikuja nayo. Jana nimeachwa peke yangu na chumba cha nyuzi 18 chini ya sifuri, barafu imeziba evapereta, yale mabomba ya ndani yanayopoza chumba. Hita ya kuyeyushia ilikuwa imekatika. Niliigundua bila kumpigia mzee simu.

Aliyenambia nisubiri cheti kwanza, uniwie radhi. Cheti nitakifuata nikiwa kazini.