Uzembe wa moto: miaka miwili jela inatosha?

Wakili, Kinondoni
Wadau, Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, kifungu cha 319, inampa kifungo cha maisha anayechoma jengo kwa makusudi. Akijaribu akashindwa, kifungu cha 320 kinasema miaka 14. Ila kifungu cha 233, kinachomhusu anayehatarisha maisha ya watu kwa uzembe wa moto au vilipuzi, hakitaji adhabu yake. Hapo tunaangukia kifungu cha 35: jela isiyozidi miaka miwili, au faini, au vyote. Anayehamisha gesi kinyemela kutoka mtungi hadi mtungi ndani ya nyumba ya wapangaji Manzese anajua anachofanya. Uzembe wa namna hiyo upewe kifungu chake, hadi miaka 10.

Fundi gesi, Tabata
Naunga mkono, mkuu, lakini sheria itaje uzembe wenyewe. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, inatambaa sakafuni na kujikusanya. Ikifika kama asilimia 2 ya hewa, cheche ya swichi tu inatosha. Pigeni hesabu: chumba cha mita 3 kila upande ni mita za ujazo 27. Asilimia 2 yake ni nusu mita ya ujazo, yaani takriban kilo 1 ya gesi. Mtungi mdogo una kilo 6! Na kwa kuwa inakaa chini, hata pungufu ya kilo hiyo ni hatari.

Halafu kuna kujaza kupita kiasi. Gesi ndani ya mtungi ni kimiminika, na lazima juu yake ibaki nafasi, kama sehemu moja ya tano. Anayejaza bila mizani anaimaliza nafasi hiyo. Mtungi ukikaa juani kimiminika kinatanuka, kinakosa pa kwenda, shinikizo linapanda ghafla. Mama lishe aliyeuziwa mtungi huo hana namna ya kujua. Kwangu mimi huyu muuzaji hayuko mbali na mchomaji.

Fundi umeme, Buguruni
Msiwasahau wenye nyumba. Waya wa milimita 1.5 za mraba ni wa taa. Wapangaji wakiongezeka breka, ile swichi inayokata umeme ukizidi, inakata kila jioni, basi anaitwa kishoka, fundi asiye na leseni, anaweka breka kubwa ya ampea 32. Haikati tena, ila waya unachemka ndani ya dari mpaka ganda linayeyuka. Baadaye lawama anabebeshwa mpangaji mwenye pasi.

Mkazi, Temeke
Mimi napinga. Msamvu, Morogoro, 10 Agosti 2019, lori la petroli lilipinduka, watu wakaenda kuchota, likalipuka, zaidi ya 100 wakafa. Kama petroli yenyewe haikuwatisha, kifungo kingewatisha? Tena mkitangaza miaka 10, mtu akisikia harufu ya gesi kwenye stoo yake ya magendo ataficha badala ya kupiga 114, namba ya Zimamoto. Dakika hizo ndizo zinazoua majirani.

Wakili, Kinondoni
Hoja ya 114 ina uzito, naipokea: aliyepiga simu mapema na kuwatoa watu apunguziwe adhabu, na iandikwe hivyo kwenye kifungu. Waliochota Msamvu siwalengi. Nawalenga wanaopata faida kwa kuwaweka wengine hatarini. Mtu akifa, kuua bila kukusudia chini ya kifungu cha 195 kunaweza kufika kifungo cha maisha kwa kifungu cha 198. Pengo lipo pale ambapo nyumba nzima imelipuka, watoto wameungua, na hakuna aliyekufa.

Mkazi, Temeke
Na ushahidi? Moto unakula kila kitu.

Fundi umeme, Buguruni
Si kila kitu, ndugu. Shaba inabaki na alama za kuyeyuka, na breka iliyoungua mara nyingi bado inasomeka ampea zake. Tatizo ni kwamba kesho yake mwenye nyumba anafagia. Eneo lifungwe mpaka Zimamoto wamalize uchunguzi, na anayefagia kabla ya hapo naye ashtakiwe.