Naomba ushauri: programu ya Python haifungi vizuri ikipokea SIGTERM (ishara ya kuiomba programu ifunge)

Habari zenu wakuu. Nina programu ya Python inayochukua kazi kutoka kwenye foleni na kuandika matokeo kwenye hifadhidata ya PostgreSQL, nayo inaendeshwa ndani ya kontena ya Docker (mazingira yaliyotengwa ya kuendeshea programu). Kwa signal.signal nimesajili funksheni ambayo, SIGTERM ikifika, inaandika ujumbe kwenye logi na kugeuza bendera (kigeu cha ndiyo au hapana), ili mzunguko mkuu umalize kazi iliyopo mkononi kisha utoke.

Nje ya kontena, nikituma SIGTERM kwa amri ya kill, ujumbe unaonekana papo hapo, lakini foleni ikiwa tupu programu inabaki imekwama kwenye queue.get(), amri inayosubiri kazi kutoka kwenye foleni, mpaka kazi mpya iingie. Ndani ya kontena ni balaa zaidi: nikiisimamisha, ujumbe hauonekani kabisa, sekunde 10 zinapita, Docker inatuma SIGKILL, ishara ya kuua programu papo hapo, ambayo hakuna programu inayoweza kuizuia, na muamala wa hifadhidata unakatika katikati. Hapo namshuku start.sh, skripti inayowasha programu, kwa kuwa sheli (shell, programu inayotekeleza amri za skripti) ndiyo mchakato namba 1 na inaita python bila exec (amri ambayo ingeifanya python ichukue nafasi ya sheli), hivyo ishara haimfikii mlengwa.

Kuhusu queue.get(), je, niiwekee timeout (kikomo cha kusubiri) ya sekunde moja na kukagua bendera kila inaporudi, au funksheni ile irushe eksepsheni (hitilafu inayokatisha mtiririko wa programu)? Njia ya pili inanitia wasiwasi, maana eksepsheni inaweza kuibuka popote kwenye uzi mkuu (thread kuu ya programu), hata wakati commit (kuthibitisha muamala kwenye hifadhidata) inaendelea. Aliyewahi kuendesha mfumo wa namna hii anieleze alichagua ipi, na kwa nini.