Deni la mfanyabiashara siku 60, kesi ya mtoto hadi lini?

Wadau, nimechoka na nimekasirika.

Mpwa wangu ana miaka 15, anashtakiwa kwa kuiba simu. Kama aliiba au hakuiba, hilo ndilo tunalotaka korti iamue, lakini tangu akane mashtaka kesi ni ya kutajwa tu, yaani tunapewa tarehe nyingine bila ushahidi kusikilizwa. Mara faili haikuletwa. Mara afisa wa upelelezi amehamishwa na hakuna aliyeachiwa kesi. Mara ripoti ya afisa wa watoto haiko tayari. Majuzi mwenye simu mwenyewe alifika kutoa ushahidi, kafunga kibanda chake asubuhi nzima, kumbe hakimu yuko kwenye mafunzo. Karani akatoka na karatasi, akatusomea tarehe mpya pale mlangoni, akarudi ndani. Yule mwenye simu akatuambia hapo hapo kwenye benchi kwamba yeye harudi tena.

Mtoto akarudishwa rumande. Dhamana alipewa, ndiyo, kwa masharti ambayo dada yangu, muuza viazi karai, hawezi kuyatimiza hata akiuza na karai lenyewe.

Katiba yetu ya Kenya ya 2010, kifungu cha 53, inasema mtoto asizuiliwe ila iwe ndiyo njia ya mwisho kabisa, na akizuiliwa iwe kwa muda mfupi iwezekanavyo. Sheria ya Watoto ya 2022 imepandisha umri wa kuwajibika kwa jinai kutoka miaka 8 hadi 12, na imeweka utaratibu wa kumaliza makosa ya watoto nje ya korti. Mbona kesi ya simu moja, tena familia yetu iko tayari kuilipa, haikupelekwa huko? Tumeuliza kituoni, tumeuliza kortini, kila mmoja anamnyooshea mwenzake kidole.

Na msiniambie haiwezekani kesi kuisha upesi. Mahakama ya Madai Madogo inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na sheria inaitaka imalize kesi ndani ya siku 60. Kwa nini? Kwa sababu mtaji wa mfanyabiashara usikwame! Na mtoto aliyekwama rumande muhula mzima, wenzake wako darasani? Hata Sheria ya Watoto ya 2001 ilikuwa na kanuni kwamba kesi iliyo katika korti ya watoto isipomalizika ndani ya miezi 3 tangu mtoto ajibu mashtaka, itupiliwe mbali. Kwa hiyo nchi hii inajua kabisa kuweka muda.

Kila Novemba Mahakama huwa na mwezi wa huduma kwa watoto, mafaili yanasukumwa, hotuba zinatolewa. Ni jambo jema, sibezi. Lakini mtoto aliyekamatwa Januari afanyeje?

Najua atatokea mtu hapa aseme vijana wa siku hizi ni majambazi, wacha wakae ndani. Sawa, basi kesi isikilizwe upesi, ahukumiwe au aachiliwe. Mwenye simu naye amepata nini mpaka leo?

Ninachotaka hakihitaji jengo jipya. Mtoto akiwa rumande, shahidi aliyefika asikilizwe siku hiyo hiyo, na hakimu akiwa na dharura, kesi apewe hakimu mwenzake. Afisa ambaye ripoti yake haiko tayari aje mwenyewe mbele ya hakimu aeleze sababu. Polisi wakimhamisha mpelelezi, jina la anayechukua kesi liwe ndani ya faili kabla hajaondoka. Na masharti ya dhamana yaangaliwe upya kila kesi inapoahirishwa, kwa sababu ucheleweshaji si wa mtoto.

Naandika malalamiko kwa Msimamizi wa Malalamiko wa Mahakama, na nakala naipeleka kwa kamati ya watumiaji wa mahakama ya hapa kwetu. Aliye na kesi kama hii aandike hapa chini ameambiwa sababu gani na iko hatua gani. Majina ya watoto msiweke.