Naombeni ushauri, binamu alipigwa risasi kwa maandamano na familia inaogopa kuripoti

Wadau habari zenu. Binamu yangu alipigwa risasi ya mguu hapo tao Nairobi tarehe 25 Juni 2024, ile siku watu waliingia Bunge juu ya Mswada wa Fedha. Mfupa uliunga vibaya na mpaka leo anachechemea, na kazi yake ilikuwa bodaboda, hebu fikirieni. Sasa mamake hataki kusikia mambo ya kesi, anasema tushukuru Mungu kijana yuko hai, eti kwenda kituoni kuchukua fomu ya P3 (ile ya polisi ya kuandikwa majeraha) ni kesi ya nyani kumpelekea ngedere na wa kwanza kushikwa utakuwa wewe. Mjomba naye anashinda kwa grupu la WhatsApp la familia akisema polisi walikuwa wanajilinda. Wanajilinda na nani jamani, kijana alikuwa anakimbia, risasi iliingilia nyuma na daktari aliandika hivyo.

Najua sheria ya polisi, kwa lile Jedwali la Sita, inasema mtu akiumizwa vibaya na risasi ya polisi lazima IPOA, ile mamlaka huru ya kuchunguza polisi, iarifiwe, na kuandamana kwa amani ni haki, kifungu cha 37 cha Katiba. Kwa makaratasi iko sawa.

Wenye mmepitia hii, naweza kwenda IPOA moja kwa moja bila namba ya OB (ile ya kitabu cha ripoti pale kituoni)? Eksirei na karatasi za hospitali nipeane orijino ama kopi? Kuna mawakili wa kusaidia bila malipo? Na huyu mama tumwongeleshe aje, maanake bila yeye kijana hatakubali kuandika taarifa.