Naomba ushauri: siku ya pili tu ya safari ya baiskeli, goti limegoma

Wakuu habari za jioni. Niko Babati hapa tumeshapiga mahema, tunaelekea Dodoma. Tuko watu 12, gari inabeba mizigo, maji na mpishi, yaani kazi yako ni kukanyaga pedeli tu. Jana Arusha mpaka Makuyuni, kama kilomita 80 hivi, nikajiona bingwa nikawa nakimbizana na vijana wa mbele wala sikusikia kitu. Leo sasa! Goti la kulia kwa mbele linachoma kila nikikanyaga, na makalio ndo usiseme, ugali wa usiku nimekula nimesimama wenzangu wanacheka. Fundi wetu kaangalia akasema siti ilikuwa chini sana, kanipandishia kama vidole viwili. Shida kesho kuna vilima vya Bereko kuelekea Kondoa. Nipande gari siku moja nipumzishe goti (aibu jamani, siku ya tatu tu) au nijikongoje na gia nyepesi? Na siti kupandishwa ghafla hivyo haitaniletea balaa lingine? Walioshawahi naomba mnijibu mapema, tunaondoka saa 12 asubuhi.