Mfuniko mpya wa rejeta ya Ford Model T unagoma kuingia
Wakuu, Model T yangu ya 1924 mfuniko ulipotea nikaagiza wa kuiga, unang'aa balaa ila nusu raundi tu unakwama, nimekaza na koleo shingo ya shaba ikaanza kujipinda. Nifanyeje?

— Tupa koleo kaka! Shingo imeshikwa na lehemu, itang'oka. Sugua meno, paka grisi, anza kuzungusha kinyume mpaka usikie tik, yaani meno yamekaa sawa, ndo ukaze kwa mkono tu.

— Na usije ukafunga wa presha kama wa Corolla. Hiyo ya 1924 ilitoka kiwandani bila wota pampu, maji yanazunguka kwa joto lake yenyewe, mvuke unatokea kwenye kale kabomba ka ndani ya rejeta.

— Tik imelia, umeingia kwa vidole viwili 😂